SOMO LA WANACHAMA: KUFUNGA MAKSAI NA PUNDA KWENYE MKOKOTENI TUNAPOLALA NJIANI



Msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, na kadhalika wakati wa mahindi na mpunga, njia zetu hujaa mikokoteni. Wanachama wengi hutoka vijiji vya mbali. Hufika kituoni jua limekwisha kuelemea magharibi, hukuta foleni ndefu mbele ya mizani, na karani amekwisha kufunga kitabu chake. Basi hulala hapo hapo pamoja na mazao yao na wanyamakazi wao. Wengine huzidiwa na giza kabla ya kufika, wakalala kando ya barabara.

Somo hili linahusu saa hizo za usiku, tangu nira inapofunguliwa hadi inapofungwa tena alfajiri. Katika saa hizo mnyama hufungwa kwenye kitu kilicho karibu, na kitu kilicho karibu aghalabu ni mkokoteni wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kufunga mnyama hakuhitaji kufundishwa. Lakini maksai na punda wengi wamekufa au kuvunjika miguu kwa sababu ya kamba ndefu mno, fundo baya, au mkokoteni uliobiringika.

MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya somo hili kila mwanachama aweze:
(a) kuutuliza mkokoteni barabara kabla ya kumfunga mnyama;
(b) kueleza tofauti ya kumfunga maksai na kumfunga punda;
(c) kufunga mafundo mawili yaliyo salama;
(d) kumlinda mnyama asile shehena iliyomo mkokotenini;
(e) kujua la kufanya mnyama akinaswa.

Ndugu Katibu alisome somo kwa sauti mbele ya kikundi, sehemu moja moja. Ziletwe kamba za mita tatu, na pawe na nguzo au mti, ili kila mmoja ajaribu mafundo kwa mikono yake. Fundo halijifunzi kwa masikio.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA USHIRIKA

Huenda mwanachama akauliza: Mkaguzi wa vyama ana haja gani na kamba ya ng'ombe? Jibu limo katika vitabu vya chama.

Katika chama kimoja nilichokikagua palikuwa na mwanachama aliyekuwa na deni la pembejeo na la jozi ya maksai, nalo lilikuwa limehamishwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine pasipo kupungua. Daftari lilionyesha tarakimu tu. Nilipouliza, Bodi ilinieleza habari yake. Mwanachama huyo alifika kituoni jioni, akawafunga maksai wake wawili kwenye gurudumu la mkokoteni kwa kamba ya kitanzi kinachokaza. Mahali hapo palikuwa na mteremko mdogo. Usiku lori liliingia kwa mwanga mkali na honi. Maksai walishtuka, wakavuta. Gurudumu likazunguka, kamba ikajizungusha nalo, na maksai mmoja akaangushwa ubavuni chini ya mkokoteni. Wenye zamu walidhani amelala. Kulipokucha tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, naye amekwisha kufa.

Maksai mmoja hawezi kuvuta jembe la jozi. Yule wa pili akauzwa kwa bei ya haraka. Msimu uliofuata mwanachama alilima kwa jembe la mkono sehemu ndogo ya shamba lake, akaleta mizigo michache mizanini, na deni likabaki. Hivyo hasara ya usiku mmoja iliingia katika nyumba ya mwanachama, ikaingia katika mapato ya chama, na ikaingia katika taarifa ya ukaguzi. Wanyamakazi ni mtaji wa mwanachama, na mtaji wa mwanachama ndio mzizi wa mtaji wa chama.

Tena, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania inamtaka kila mwenye mnyama amtunze pasipo kumtesa. Mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia maji, wala malisho, wala usalama. Aliyemfunga amejitwika yote hayo.

2. TABIA YA MNYAMA ALIYEFUNGWA

Tuanze na nguvu. Maksai wa kienyeji aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 250 hadi 350 hivi. Anapolima kutwa huvuta kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Lakini anaposhtuka hutupa mwili wote nyuma kwa pigo moja, na nguvu hiyo huzidi mara nyingi ile ya kulimia. Mkokoteni mtupu hauwezi kuizuia. Mbao za ubavuni huchomoka kama meno mabovu.

Sasa tutazame tofauti. Punda ni wa ukoo mmoja na farasi, na kanuni wanazozishika wafugaji wa farasi wanapofunga farasi kwenye tela zamfaa punda pia. Wanyama hawa wanaweza kusinzia wakiwa wamesimama. Kwa hiyo hudhuriwa zaidi na kamba ndefu iliyolegea kuliko kamba fupi: punda hupitisha mguu wa mbele juu ya kamba, hujaribu kuutoa, na kamba humkata nyuma ya kifundo cha mguu mpaka kwenye mshipa.

Ng'ombe ni mnyama mwingine. Yeye hulala chini kwa saa nyingi, yapata 10 hadi 12 katika saa 24, naye akilala ndipo hucheua kwa raha. Ukimfunga kwa kamba fupi iliyo juu, atasimama usiku kucha, na asubuhi hataweza kazi. Zaidi ya hayo, ng'ombe hutengeneza hewa nyingi tumboni, na ni lazima aitoe kwa kinywa kila mara. Akiwa amelala kifudifudi, yaani kifua kikigusa ardhi, hewa hutoka. Akinaswa ubavuni huku miguu imenyooka, hewa hufungwa ndani, tumbo hujaa na kubana mapafu. Katika muda wa saa chache anaweza kufa pasipo jeraha lolote. Hivyo ndivyo alivyokufa yule maksai tuliyemtaja.

Basi tukumbuke: punda afungwe juu na kwa kamba fupi, maksai afungwe chini, kwa kamba inayomtosha kulala wala isizidi.

3. KUUTULIZA MKOKOTENI

Kabla ya kumfunga mnyama yeyote kwenye mkokoteni, mambo haya yafanywe kwa utaratibu:

Kwanza, chagua mahali tambarare, mbali na barabara. Mkokoteni ulioachwa ukingoni mwa barabara usiku ni mtego kwa dereva na kwa mwenye mkokoteni. Nyuma ya kila mkokoteni pawe na viakisi vyekundu vinavyong'aa vinapopigwa na taa.

Pili, fungua nira. Mnyama asiachwe usiku ndani ya nira, hata kwa saa moja. Akilala mmoja, mwenzake huvutwa shingo.

Tatu, weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya kila gurudumu. Jiwe moja upande mmoja halitoshi, kwa kuwa mnyama huvuta upande wowote.

Nne, mkokoteni wa magurudumu mawili ukiondolewa wanyama huweza kuinuka mbele au nyuma kufuata uzito wa mzigo. Weka egemeo imara chini ya mti wa mbele, na jingine chini ya sakafu upande wa nyuma. Mtu asilale chini ya mkokoteni uliofungwa wanyama, hata kama mvua inanyesha.

Tano, tela la trekta lililofunguliwa kutoka kwenye trekta lisifungwe mnyama kamwe. Lililounganishwa lifungwe tu ikiwa breki ya mkono imevutwa na ufunguo umo mfukoni mwa mtu anayejua kwamba pana mnyama nyuma. Dereva na azunguke tela zima kwa miguu kabla ya kuwasha mtambo.

Mahali pa kufungia kamba pawe ni pete ya chuma iliyopitishwa boliti na kukazwa nati katika fremu yenyewe. Fundi wa kijijini anaweza kuiweka kwa muda mfupi. Kwa punda pete iwe juu, usawa wa mabega yake au zaidi. Kwa maksai iwe chini, kwenye fremu ya sakafu. Usifunge kwenye gurudumu, wala kwenye mbao za ubavu, wala kwenye mlango wa nyuma. Pitisha kiganja chako kuzunguka pete: ukiona misumari, bati lililochanika au ncha ya boliti, irekebishe kwanza.

Nasi tuseme kweli: mti ulio hai au nguzo iliyochimbiwa ni bora kuliko mkokoteni. Pakiwa na miti miwili iliyo karibu, punda wawili au watatu wanaweza kufungwa kwenye kamba iliyokazwa baina ya miti hiyo, juu ya vichwa vyao. Kila mmoja awe na kamba yake inayoning'inia, isiyofika magotini, na asiweze kumfikia mwenzake kwa mateke. Weka gunia chini ya kamba inapozunguka mti, ili gamba lisichubuke.

4. KAMBA

Kamba ya katani, nene kama kidole gumba, yatosha. Haichomi ngozi upesi, na ikishikwa na umande haitelezi mkononi. Kamba nyembamba ya nailoni ina nguvu lakini hukata na kuunguza ngozi inapovutwa. Waya usitumike hata kwa dakika moja. Kila jioni pitisha kamba yote mikononi: mahali palipopungua unene ndipo itakapokatikia.

Punda afungwe kwa hatamu ya kichwa isiyo na lijamu. Ukimfunga kwa lijamu akashtuka, atapasuka kinywa. Wala usimfunge mguu, ijapokuwa desturi hiyo imeenea. Kamba ya mguuni huacha kidonda, na kidonda cha mguu humweka punda nyumbani msimu mzima. Maksai afungwe kwenye shina la pembe au shingoni kwa fundo lisilokaza. Kamba ya puani ni ya kuongozea tu, isifungwe mahali.

Kwa punda mwoga, wafugaji huweka kitanzi cha uzi wa katani wa kushonea magunia baina ya kamba na pete. Punda akivuta kwa hofu kuu uzi hukatika kabla ya shingo kuumia. Baadhi ya wanachama husema kwamba uzi huo humpa punda nafasi ya kutoroka na mwizi nafasi ya kuiba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwizi hukata kamba yoyote kwa kisu. Kinachomzuia ni zamu ya binadamu aliye macho, wala si unene wa kamba.

5. MAFUNDO MAWILI

Fundo la kwanza: fundo lisilokaza, la shingoni au la pembeni.
(a) Katika kamba ndefu fanya jicho dogo, kipande kinachoelekea kwenye ncha kikiwa juu.
(b) Zungusha ncha shingoni mwa maksai.
(c) Ipandishe ncha ndani ya jicho kutoka chini.
(d) Izungushe nyuma ya kamba ndefu.
(e) Ishushe tena ndani ya jicho lile lile, kisha kaza.
Ngumi yako ipite baina ya kamba na shingo. Vuta kamba ndefu kwa nguvu: kama mzunguko wa shingoni unapungua, umekosea, fungua uanze tena. Kitanzi kinachokaza ni cha kunasia, si cha kufugia.

Fundo la pili: fundo la mvuto mmoja, la kwenye pete.
(a) Pitisha ncha ndani ya pete, ubakize ncha ndefu ya kutosha mkono mzima.
(b) Ivushe ncha juu ya kamba inayokwenda kwa mnyama, kisha ipitishe nyuma yake.
(c) Usiitoe ncha yote. Ikunje iwe kitanzi, na kitanzi hicho ukichomoze katika nafasi iliyopo baina ya kamba mbili, karibu na pete.
(d) Kaza kitanzi na usukume fundo mpaka liguse pete. Ncha ibaki ikining'inia.
Mnyama akivuta, fundo hushika. Mtu akivuta ncha, fundo huachia lote mara moja. Usipitishe ncha ndani ya kitanzi kwa kudhani unaongeza usalama. Ukifanya hivyo umeliua fundo, na saa ya hatari halitafunguka.

Kila mtu anayelala kambini, mwanamume na mwanamke na kijana, ajue kuifungua kamba kwa kuvuta ncha hiyo gizani. Pamba ni chakula cha moto. Jiko likirusha cheche moja kwenye mzigo, hapatakuwa na nafasi ya kutafuta kisu. Kwa hiyo mapishi yawe mbali na mikokoteni, upande upepo unakoelekea, na mvutaji wa sigara aende huko pia.

6. UREFU WA KAMBA

Kwa punda, kutoka hatamu hadi pete iwe yapata sentimita 60, yaani kama urefu wa mkono wa mtu mzima. Kwa urefu huo hawezi kula chini. Malisho yawekwe kwenye wavu au gunia lenye matundu, juu ya kifua chake, na maji aletewe kwa ndoo. Kabla ya usiku apelekwe kwanza kujigaragaza na kupumzika kwa kamba ya mkononi, mtu akiwa naye. Akifungwa usiku kucha, zamu ya manane imtoe tena hivyo hivyo, apate kulala chini kidogo.

Kwa maksai, pima hivi: akiwa amelala, kidevu kikigusa ardhi, kamba isibaki na ulegevu uzidio shibiri moja. Aweze kulala na kuamka kwa unyofu, lakini asiweze kuipitisha kamba nyuma ya pembe au juu ya mguu.

Maksai wa jozi moja wafungwe waonane lakini wasifikiane kwa kamba. Njia nyepesi ni mmoja upande huu wa mkokoteni na mwingine upande ule. Punda waliozoeana wasitenganishwe mbali, kwa kuwa punda aliyetengwa na mwenzake hulia na kuvuta usiku kucha.

7. SHEHENA ILIYOMO NDANI

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mnyama mwenye njaa aliyefungwa karibu na mzigo ataula mzigo.

Gunia la mahindi si hori. Maksai asiyezoea nafaka akila mahindi mengi kwa mara moja, tumbo huchacha. Huharisha, huyumbayumba, na anaweza kufa siku chache baadaye, mwenyewe asijue sababu. Punda huumwa tumbo na kwato.

Wakati wa kurudi kutoka bohari ya chama, hatari ni kubwa zaidi. Mbolea ya urea ina ladha ya chumvichumvi, na ng'ombe hupenda kuilamba. Konzi chache zaweza kumwua maksai mkubwa. Dalili hutokea upesi, pengine katika nusu saa: povu mdomoni, kutetemeka, tumbo kujaa, kupumua kwa shida. Ukiona hivyo, mwondoe mnyama kwenye mbolea na umwite afisa mifugo bila kungoja kupambazuke. Kadhalika dawa za kuulia wadudu wa pamba zisisafirishwe pamoja na majani ya kulisha wanyama.

Kwa hiyo: mzigo ufunikwe kwa turubai na kufungwa, wanyama wasifungwe upande uliko mwanya wa magunia, na mkokoteni uliobeba mbolea au dawa usifungwe mnyama kabisa. Huo wanyama wake wafungwe kwenye mti. Karani wa bohari amkumbushe kila mwanachama anapotia sahihi kupokea mbolea.

8. ZAMU YA USIKU

Mnyama aliyefungwa asiachwe peke yake. Wanachama waliolala kambi moja wapange zamu za saa mbili mbili, na kila anayeingia zamu akague mambo manne: mawe ya magurudumu, mafundo, miguu ya wanyama, na jinsi kila maksai alivyolala. Maksai aliyelala ubavuni na kunyoosha miguu aamshwe mara moja.

Maji ndiyo ya kwanza jioni. Punda huhitaji lita 10 hadi 25 kwa siku kufuata joto na kazi. Maksai anayefanya kazi huhitaji zaidi ya lita 30. Mnyama mwenye kiu hatulii kambani.

Fisi huwashtua wanyama hata asipowagusa. Nao wizi wa punda umekuwa mkubwa katika miaka ya karibuni kwa sababu ya biashara ya ngozi. Tanzania ilikwisha kuchukua hatua mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao. Uamuzi huo ni mwema, lakini hauwezi kukesha kambini kwa niaba yetu.

9. MNYAMA AKINASWA

Usipige kelele, wala usimpige mnyama. Punda aliyenaswa mara nyingi husimama kimya akitetemeka. Kimya hicho si utulivu, ni hofu. Usisimame baina ya mnyama na mkokoteni, wala usitie vidole ndani ya mzunguko wa kamba. Vuta ncha ya fundo. Isipoachia, kata kamba karibu na pete kwa kisu kikali. Kamba ni rahisi kuliko mnyama.

Maksai aliyeanguka ubavuni, baada ya kukata kamba, asukumwe na watu wawili au watatu kwa upande wa mgongo, akae juu ya kifua chake, aegemezwe magunia yaliyojaa. Tumbo lililojaa likiendelea kupanda, afisa mifugo aitwe mara moja. Jeraha la kamba lioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na mnyama asitiwe nira hata apone.

10. WAJIBU WA CHAMA

Hadi hapa tumesema wajibu wa mwanachama. Sasa tuseme wa chama, kwa kuwa si haki kumfundisha mwanachama kufunga fundo zuri na kumwacha alale siku tatu mbele ya mizani.

Kila kituo cha kununulia mazao kiwe na nguzo za kufungia wanyama. Nguzo za mti mgumu usioliwa na mchwa, zenye urefu wa mita mbili na ushei, zichimbiwe sentimita 75 ardhini, zikiwa na pete mbili, ya juu kwa punda na ya chini kwa maksai. Pawe na birika la maji na kivuli. Kazi ya kuchimba yaweza kufanywa na wanachama wenyewe. Pete, boliti na saruji ziingizwe katika makisio ya mapato na matumizi, yajadiliwe na kupitishwa na Mkutano Mkuu. Mkaguzi hatakataa matumizi ya namna hiyo yakiwa yamepitishwa na yana stakabadhi. Atashangaa zaidi akikuta chama kinachopokea mazao mwaka baada ya mwaka, hali wanyama waliyoyaleta hawana hata nguzo moja.

Kubwa zaidi ni ratiba. Bodi ikipanga siku za kupokea mazao kwa vitongoji, ikatangaza mapema, na karani akafungua mizani kwa saa iliyotajwa, wanachama wengi watapima na kurudi siku ile ile. Foleni isiyo na utaratibu ndiyo inayowalaza maksai barabarani. Mkokoteni wa mbali upewe nafasi kabla ya ule wa jirani, maana wa jirani anaweza kulala kwake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kamba fupi iliyo juu humfaa punda lakini humtesa maksai?
2. Mwanachama amefika usiku akiwa na mkokoteni wa magurudumu mawili uliobeba magunia ya urea, na maksai wawili. Mahali pana mteremko na mti mmoja. Elezeni, hatua kwa hatua, atakavyofanya.
3. Kila mmoja afunge fundo la mvuto mmoja akiwa amefumba macho, kisha mwenzake alifungue. Ni wangapi wamefaulu mara ya kwanza?
4. Tazameni daftari la wadaiwa la chama chenu. Je, yapo madeni yaliyotokana na kufa au kuibwa kwa wanyamakazi? Ni mangapi yangeweza kuepukwa?
5. Andikeni pendekezo moja la kituo chenu, pamoja na gharama zake, la kupelekwa katika Mkutano Mkuu ujao. Katibu aliweke katika ajenda kabla ya msimu kufunguliwa.